Tupeane uzoefu: mliosoma masters za afya, somo la mbinu za utafiti liliwaingia lini?

Mkunga_Majengo (Moshi)
Habari za jioni wakuu. Mi ni mkunga, nimerudi shule kuchukua masters hapahapa Moshi baada ya miaka mingi ya leba, na kinachonitoa jasho sio wodi, ni mbinu za utafiti. Mwalimu anafundisha vizuri tu aina za utafiti, krosi sekshono (unapima watu mara moja tu), kesi kontroo (unalinganisha wenye tatizo na wasio nalo), kohoti (unawafuatilia watu kwa muda), darasani naelewa kabisa, ila nikikaa mwenyewe na propozo yangu, yaani mpango wa utafiti, ya akina mama wasiorudi kliniki baada ya kujifungua naona kila kitu kinataka kuingia, nauli, umbali, baba watoto, mama mkwe, kauli zetu manesi, mvua za masika na barabara za Kibosho zinavyoteleza. Waliotangulia naomba mniambie kwenu ilikuwaje na nini kiliwasaidia.

Daktari_Watoto (Moshi)
Karibu sana dada mkunga. Mi liliniingia siku supavaiza aliponirudishia propozo imeandikwa maneno mawili tu juu, "chora majedwali". Maana yake majedwali matupu, kabla hujamuuliza mgonjwa hata mmoja swali lolote. Unachukua karatasi, unachora jedwali la kwanza, umri, elimu, idadi ya watoto, anapoishi. La pili kushoto unaweka sababu unazozihisi, juu unaweka "amerudi" na "hajarudi", visanduku vyote unaviacha wazi. Ukimaliza chukua dodoso lako upitie swali mojamoja ujiulize jibu lake litakaa kisanduku gani, swali lisilo na kisanduku unafuta. La kwangu lilikuwa na kurasa nyingi mno, lilipungua mpaka mama mwenye mtoto mgonjwa mgongoni akaweza kulimaliza bila kuchoka, na hilo kwangu ni suala la utu kabla halijawa la sayansi. Mi naona majedwali yangefundishwa wiki ya kwanza kabisa, badala ya mtu kuja kuambiwa koridoni mwaka wa mwisho.

Na majedwali yatakulazimisha kitu kingine. "Hajarudi" ni nani hasa? Shirika la Afya Duniani (WHO) linataka mama aonekane ndani ya saa 24 za kwanza, halafu kati ya saa 48 na 72, halafu siku ya 7 hadi 14, halafu wiki ya sita. Sasa aliyekuja mara moja tu wiki ya sita kumpeleka mtoto chanjo, yeye umwandike wapi? Usipoamua sasa hivi utaamua ukiwa na data mkononi, na hapo kuna kishawishi cha kuchagua maana inayokupa majibu mazuri.

Mfamasia_Sakina (Arusha)
Daktari kasema kweli tupu. Naongezea kwenye ukubwa wa sampuli maana kila propozo ninayoletewa kusoma ina watu 384 na ukimuuliza mwenyewe imetoka wapi anasema ndo fomula. Fomula ni 1.96 mara yenyewe, mara p (sehemu ya watu unaotegemea wawe na tatizo), mara (1 toa p), gawanya kwa d mara yenyewe, d ikiwa ni kiasi cha kukosea unachokubali kila upande. Ukiweka p asilimia 50 na d asilimia 5 inakuja 384.16. Sasa mi tatizo nililokuwa nachunguza tafiti za nyuma zilikuwa zinasema liko kama asilimia 10, nikiacha d ya 5 inakuja 139, nikafurahi kazi imepungua. Supavaiza akaniuliza swali moja tu, jibu lako likitoka kati ya asilimia 5 na 15 litamsaidia nani? Basi tukashusha d ikawa 3, piga mwenyewe uone, inarudi palepale 384.16, ila safari hii niliweza kuitetea mbele ya watu. Na kwa ajili ya asilimia 10 watakaokataa au fomu zao kutokamilika, ipandishe iwe 385 kisha gawanya kwa 0.9 usizidishe kwa 1.1, ndo inakuja 428 na sio 424.

Clinico_Himo
Kabla hujafika huko kote nenda masjala ya hospitali unayotaka kufanyia kazi, omba kwa utaratibu uone rejista za mwezi mmoja tu. Kwingine safu ya ujauzito wa ngapi haijazwi kabisa, na kama utafiti wako unaitegemea rejista heri ujue mapema.

Nesi_Longido
Mi nilifanya ya mahojiano, dozi za presha, kwa hiyo hesabu nawaachia wenyewe. Kilichonifungua ni majaribio ya dodoso. Nilikuwa nauliza "mama unameza dawa zako vizuri?" na kila mtu ananijibu ndiyo nesi, wote, hata yule ambaye presha yake iko juu mpaka unaogopa. Nikabadilisha, nikavua koti jeupe, tukakaa nje ya kliniki kwenye benchi chini ya mti, nikaanza hivi, "watu wengi dawa hizi huwa zinawapita, wiki iliyopita wewe kuna siku ilikupita?" Yule bibi akacheka akasema mwanangu huwa nanywa siku ya kuja kliniki tu ili mnisifie. Ni mtu yuleyule na dawa zilezile, kilichobadilika ni swali. Wazee wengi huku Kiswahili chao cha kuombea maji tu, nilitafuta mtu anayejua Kimaasai atafsiri maswali, mwingine ambaye hajaona ya mwanzo akayarudisha kwenye Kiswahili, tukakaa tukalinganisha. Msikwepe hiyo hatua hata muda ukibana. Na asiyejua kusoma anasomewa fomu ya ridhaa mbele ya shahidi anayemwamini yeye, sio shahidi uliyekuja naye wewe.

Mkunga_Majengo (Moshi)
Asanteni jamani, nimechora majedwali usiku huu na mama mkwe nimemtoa, sina kisanduku chake. Sasa kuna jambo, wenzangu wote darasani wanatoa odzi resho, ya kwangu naambiwa haifai kwa sababu tatizo ni la wengi. Kivipi?

Takwimu_Soweto (Moshi)
Dada tuchukulie mfano. Wanaokaa mbali, katika 100 hawarudi 60. Wanaokaa karibu, katika 100 hawarudi 40. Gawanya 60 kwa 40 unapata 1.5, yaani wa mbali wana nafasi mara moja na nusu ya kutorudi, hata mganga mfawidhi ukimwambia anaelewa. Odzi sasa, yaani wasiorudi gawanya kwa wanaorudi, wa mbali ni 60 kwa 40, wa karibu ni 40 kwa 60, ukigawanya odzi ya kwanza kwa ya pili inakuja 2.25, ndo odzi resho. Hesabu haina kosa, tatizo watu wanaisoma kama "mara mbili na zaidi" wanaenda kuiandika hivyo kwenye mapendekezo. Tatizo likiwa la wachache namba hizi mbili zinakaribiana, likiwa la wengi kama lako zinaachana. Kwa krosi sekshono toa prevalensi resho, ile 1.5 ya mwanzo, modeli ya Poisson (njia ya takwimu ya kuipata) yenye makosa sanifu ya robasti inakubali, programu za takwimu Stata na R zote zinafanya, R haina malipo. Andika hilo kwenye propozo sasa kabla ya kwenda kamati ya maadili, na ukikwama kwenye komandi weka hapa tuangalie.