Mwanzilishi anastaafu, bodi imelala, mimi nimeambiwa nikaimu. Nianzie wapi?

mlalo_juu

Wakuu habari za muda huu. Naomba ushauri hasa kwa waliowahi kufanya kazi kwenye haya mashirika madogo ya wilayani, siyo yale ya Masaki yenye magari meupe.

Nipo huku Lushoto. Shirika letu linashughulika na vyanzo vya maji, vitalu vya miti na vikundi vya kina mama vya kuweka na kukopa. Lilianzishwa na mzee mmoja mwalimu mstaafu na wenzake, wenzake wengine wametangulia mbele ya haki, wengine wamehamia Dar kwa watoto, akabaki yeye peke yake, yeye ndo mkurugenzi, yeye ndo msemaji, yeye ndo anajua mfadhili anapenda ripoti ya namna gani. Sasa umri umeenda na sukari inamsumbua, juzi kaita kikao akasema mwisho wake Desemba na kwamba mimi ndo nitaendelea. Hakuna tangazo wala usaili. Wajumbe wa bodi walikuwepo watatu, wakapiga makofi, wakapewa nauli, tukatawanyika.

Hapo bado hela. Kulikuwa na fungu tulikuwa tunapata kupitia shirika la Dar, zilikuwa pesa za Wamarekani, likakatika pale Januari 2025 Trump aliposimamisha misaada, na USAID yenyewe ikafungwa Julai mwaka huo huo. Tumebaki na mfadhili mdogo wa Ujerumani, na yeye anataka mpango mkakati wa miaka mitano kabla hajasaini tena. Mzee anasema tutafute mshauri kutoka Dar atuandikie. Mshauri kapatikana, bei aliyotaja ni mshahara wa mlinzi na wahudumu wa kitalu mwaka mzima, tena bila nauli yake.

Alafu kata hii hii kuna vikundi vingine viwili vinapanda miti kama sisi na hatuongei nao kabisa, mzee alikorofishana nao zamani sijui ilikuwa nini. Mfadhili kauliza mnashirikiana na nani hapo mlipo, nikakosa cha kuandika.

Nianzie wapi jamani?

daftari_la_fedha

Pole na hongera kwa pamoja mkuu. Mimi ni mhasibu, nimekaa kwenye haya mashirika muda, kwa hiyo nitaongelea makaratasi tu, mambo ya maono na dhamira watakuja wenyewe.

Makofi siyo uteuzi. Fungua katiba yenu, angalia nani anateua mkurugenzi na akidi ya kikao ni wangapi. Kama bodi ni wajumbe saba na walikuja watatu basi hapo hakuna kikao, kulikuwa na watu wanakunywa chai. Ukitaka kubadilisha watia saini wa akaunti, benki watataka muhtasari wa kikao halali uliosainiwa, barua ya shirika, vitambulisho vya NIDA vya wote wanaoingia, na mara nyingi yule anayetoka asaini pia. Sasa fikiria mzee akazidiwa (Mungu apishe mbali) kabla hilo halijafanyika, mishahara ya vijana wa kitalu itatoka wapi?

Pili cheti. Tangu marekebisho ya sheria ya 2019 cheti cha NGO kinaishi miaka 10, kinatakiwa kuhuishwa, angalia tarehe ya chenu. Wakati ule pia mashirika yaliyokuwa yamesajiliwa kwingine, kama kampuni au kama vyama vya kijamii, yalitakiwa kuhamia kwa Msajili wa NGOs, yako mengine wazee walidhani ni maneno tu hawakuhama. Angalia pia kama ripoti za mwaka na hesabu zilizokaguliwa zimepelekwa. Mkibadilisha viongozi Msajili naye anatakiwa ajue.

Sasa hili ndo kubwa na watu hawaulizi kwa sababu linaonekana ni kukosa adabu: KITALU KIPO KWENYE ARDHI YA NANI? Na pikipiki kadi ina jina la nani? Na laini ya simu ambayo nywila za imeili ya shirika zinatumwa imesajiliwa kwa nani? Mashirika mengi ya mwanzilishi mmoja eneo lilinunuliwa kwa hela ya mradi ila hati ya mauziano ya kijiji imeandikwa jina lake, siyo kwamba ni mwizi, wakati ule shirika lilikuwa halina usajili bado na yeye ndo alikuwa anaaminika. Akiondoka duniani warithi hawajui habari za mradi, wao wanaona shamba la baba.

bora_liende

Kimbia. Unatafutiwa wa kubebeshwa madeni. Kabla hujakubali chochote omba taarifa ya NSSF ya wafanyakazi wote na hali ya kodi TRA, PAYE imepelekwa au ilikuwa inakatwa tu kwenye mishahara. Ukikuta miaka miwili haijapelekwa rudisha ufunguo siku hiyo hiyo, ukapande viazi vyako.

mlalo_juu

@daftari_la_fedha swali la ardhi limenitoa jasho. Nimemuuliza dada wa ofisini, karatasi ya mauziano ipo na kweli ina jina la mzee. Yeye mwenyewe hana neno, ila ana watoto wakubwa watano na sijui kama wanajua. Kuna mmoja huwa anakuja pale kitaluni anaita "shamba letu", nilikuwa nadhani ni utani.

@bora_liende viazi navyo bei imeanguka mkuu 😂

afisa_mstaafu

Mwanangu, mimi nilikuwa maendeleo ya jamii halmashauri, mikoa tofauti, nimeona mipango mikakati mingi sana, yenye rangi na picha za watoto wanacheka, iko kabatini. Huyo mshauri wa Dar usimlipe. Siyo kwamba washauri ni wabaya, ila atakuja siku tatu, atafanya semina hotelini, atabandika makaratasi ukutani, alafu atakuandikia yale yale aliyowaandikia watu wa Mtwara akibadilisha jina la wilaya.

Kaa na vijiji. Ile njia ya fursa na vikwazo ambayo serikali imekuwa ikitumia kupanga mipango ya vijiji unaijua, watu wanachora ramani ya kijiji chao wenyewe, wanasema tuna nini na kinachotukwamisha nini, watendaji wako wameshaifanya. Mtendaji wa kijiji anayo mihtasari ya mikutano mikuu, kisheria inatakiwa kila miezi mitatu, hata kama inaruka humo utakuta miaka kadhaa ya malalamiko ya maji yenye majina ya vijito. Hiyo ni nusu ya mpango wako na ni bure. Alafu omba nafasi kwenye kamati ya maendeleo ya kata, diwani ndo mwenyekiti na mtendaji wa kata ndo katibu, ukapeleke rasimu pale waichanechane. Ila angalia kalenda. Mwaka wa fedha unaanza Julai mosi na kuanzia Aprili bajeti iko bungeni, kwa hiyo ukienda kwa halmashauri mwezi wa tano kuomba wachangie mabomba utapewa soda tu. Vipaumbele vya vijiji vinakusanywa mapema, kabla Januari haijafika, nenda kipindi hicho.

Na kuhusu kushirikiana, mbona washirika unao, hujawaandika tu. Maji ya vijiji yapo chini ya RUWASA, ile wakala ya serikali ya maji vijijini, toka sheria ya 2019, na vyombo vya watumia maji vya jamii vina kamati zake zinakusanya hela za ndoo. Wao wanauza maji, nyie mnalinda yanakotoka, mnategemeana hata kama hamjawahi kukaa meza moja. Ongeza Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, na watu wa mazingira wa halmashauri, maana ile mita 60 kutoka kwenye chanzo ipo kwenye Sheria ya Mazingira ya 2004, ila anayelima mita 10 kutoka kijitoni ni jirani wa mtu, hakuna shirika moja linaweza kumtoa peke yake. Hapo ndo hao vikundi viwili mliokorofishana nao wanahitajika, pengine huyo mlimaji ni mwanachama wao.

ngokolo_1

Niongezee hapo kwa afisa. Mimi mtu wa Shinyanga. Wazee wanaikumbuka HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, ilianza 1986 wakati mkoa umekuwa jangwa, miti ilishafyekwa enzi za kupambana na mbung'o alafu ikaja pamba na mifugo. Hela za Norway zilikuwepo, wataalamu walikuwepo, ila kilichorudisha miti ni ngitili, yani ile desturi yetu Wasukuma ya kufunga eneo la malisho masika ili ng'ombe wapate majani kiangazi. Zikarudi hekta zaidi ya 300,000. Mradi ukaisha 2004, mabango yakadondoka, ngitili zikabaki, nyingine zimeliwa na mashamba siyo siri, ila nyingi zipo kwa sababu ni za familia na za vijiji na faini zake zinatozwa na dagashida (mkutano wa jadi wa Wasukuma) na sungusungu (walinzi wa jadi) siyo na ofisi ya mradi.

Kwa hiyo mkuu kwenye huo mpango wako weka safu moja tu ya ziada: hiki kikiisha hela nani anaendelea nacho? Kama jibu ni "shirika" kila mstari, umeandika mpango wa kutafuta mshahara.

pwani_kilifi

Salamu kutoka Kilifi. Wenzangu wameongea ya karatasi na ya vijiji, mimi niulize: mzee mwenyewe mnampeleka wapi? Maana huku kwetu nimeona shirika limekufa sio kwa sababu mwanzilishi aliondoka, ni kwa sababu HAKUONDOKA. Alistaafu Ijumaa, Jumatatu yuko ofisini anasoma gazeti, wafanyikazi wanampitishia vocha kwanza ndio zije kwa mkurugenzi mpya. Yule dada alivumilia mwaka, akaenda zake.

Mpeni kazi inayoeleweka na yenye mwisho. Awapeleke kwa mfadhili, simu moja ya video nyote wawili, aseme kwa mdomo wake kuanzia leo andikia huyu. Akurekodie historia, nani alitoa ardhi ipi, ugomvi na vile vikundi ulianzaje. Halafu asiingie kwenye bodi, angalau miaka miwili ya kwanza. Muiteni mlezi, mumuite siku za kupanda miti, mumpe kiti cha mbele. Kama kuna kiinua mgongo kiandikwe ni shilingi ngapi na kitatoka lini, wazee wengi wanang'ang'ania kiti kwa sababu hawana NSSF ya maana, tusidanganyane ni uchu wa madaraka.

Na ule mpango, sisi tuliufunga na mpango wa kaunti wa 2023 hadi 2027, tukawa tunaenda kwenye vikao vya kushirikisha umma na ukurasa mkononi, tunawaambia hii laini yenu ya miche kwenye bajeti, sisi tunaotesha tayari. Nyinyi muna halmashauri, ni yale yale.

bora_liende

Ushirikiano ushirikiano, siku ya kwanza mtagombana nani anashika bango kwenye picha, siku ya pili posho. Nimeyaona.

afisa_mstaafu

@bora_liende ni kweli kabisa, ndo maana msianze na mradi wa pamoja wala akaunti ya pamoja. Anzeni na chanzo kimoja cha maji na ukurasa mmoja wa makubaliano: nani anatoa miche, nani anaita watu, nani anafuatilia kama imeota, na posho hakuna. Jina la bango liwe la kijiji. Ikishindikana hapo mtakuwa mmepoteza miche tu.

mlalo_juu

Asanteni sana wakuu, kuna vitu humu nisingeviwaza. Nimeongea na mwenyekiti wa bodi, kakubali kikao Jumamosi na safari hii barua zimeenda kwa wajumbe wote saba, wa Dar watapigiwa simu. Ajenda nimeweka saini za benki, ardhi ya kitalu na NSSF. Mzee nimemfuata nyumbani jana jioni kuhusu lile shamba, kasema tutaenda wote kwa mtendaji na atamchukua mtoto wake mkubwa awe shahidi. Ule ugomvi na vile vikundi viwili hajataka kuuongelea bado 😅

Swali la mwisho kwa daftari: kwenye muhtasari niandikwe kaimu kwa muda gani?

daftari_la_fedha

Miezi sita, na tarehe ya mwisho iandikwe. Kabla haijaisha bodi itangaze nafasi ubaoni kwa mtendaji na mtandaoni, na wewe uombe kama wengine. Mfadhili atakuheshimu zaidi na hao wajumbe watalazimika kusoma CV yako badala ya kupiga makofi.