Programu ya vijana wakimbizi Kayole: wiki ya tatu wamepungua, tubadilishe nini?

chapati_mbili:
Habarini wadau. Tumepewa ukumbi wa kanisa bure hapa Kayole, Nairobi, kila Jumamosi saa tatu asubuhi hadi saa saba. Walengwa ni vijana wa miaka 14 hadi 20: Wakongo, Waoromo, Warundi na Wasomali wachache. Ratiba ni saa moja ya Kiingereza, saa moja ya mazungumzo ya maisha, halafu kandanda. Walijiandikisha 40. Wiki ya kwanza walikuja 36, wiki ya tatu 15, na wasichana ni wanne tu. Bajeti ya miezi mitatu ni shilingi 90,000, karibu nusu ni ya fulana na bango. Tuanze kurekebisha wapi? Na wengi wana shida za karatasi: tuziguse, au tuwaachie mashirika?

karani_wa_mtaa:
Futa fulana leo. Bango pia, hasa kama limeandikwa "wakimbizi": kijana wa miaka 17 hapiti chini ya neno hilo wanafunzi wenzake wakimwona.

Sasa hesabu. Tuseme vijana 20 wanatoka mbali na nauli ni shilingi 100 kwenda na kurudi. Kwa wiki 12 hiyo ni 24,000. Chai na mandazi ya shilingi 40 kwa watu 30 ni 1,200 kwa wiki, yaani 14,400. Jumla 38,400. Unabaki na 51,600 za walimu, fotokopi na akiba ya siku za mvua, maana tone likianguka nauli inapanda. Nauli itolewe mwisho wa kipindi. Ukiitoa mlangoni, wapo watakaosaini na kutoweka. Lakini umpe pamoja ya kurudi na ya kuja wiki inayofuata, kwa sababu anayekosa huwa amekwama kwa ile ya kuja.

Saa zenu ndizo zinawamaliza. Jumamosi asubuhi watoto wengi wa Kiislamu wako duksi (madrasa), Wasabato wako kanisani, na wasichana wa kila dini wanafua na kulea wadogo zao. Jaribuni Jumapili saa nane hadi saa kumi na nusu. Msichana anafika nyumbani kabla ya Magharibi, na mzazi hana la kugombana nalo. Ukumbi wa kanisa nao, hata ukiwa wa bure, kuna wazazi hawataruhusu na hawatawaambia sababu. Darasa la shule ya msingi ni afadhali. Halafu nendeni nyumbani kwa wasichana, mama mmoja na mwenyeji wa lugha yao, kabla ya wiki ya nne.

Na msiwe na wakimbizi peke yao. Nusu wawe Wakenya wa mtaa huohuo. Kwenye kandanda msiwaache wapange timu wenyewe, watapanga kwa nchi na mechi itaishia ngumi. Wasimame mstari, wahesabu moja hadi nne, namba ndiyo timu.

chaki_nyeupe:
Mwenzangu hapo juu amemaliza ya saa na nauli. (Kwa Waoromo na wengine wa kutoka Ethiopia, ukisema "saa nane" wataelewa haraka, nao huhesabu saa kuanzia alfajiri kama sisi.)

Langu ni darasa. Kiingereza kimoja kwa vijana 40 hakiendi. Wapimeni dakika 20 mkikutana tena: asome aya fupi, aandike sentensi tano, afanye hesabu sita. Wagaweni makundi matatu, mwalimu mmoja kwa vijana 12 hivi.

Angalieni Wakongo. Kwa kuwa wanaongea Kiswahili, watu hudhani hawana shida. Kiswahili cha Kivu ni kizuri kwao lakini mtihani wa hapa unataka kingine. Anasema "niko naenda" na "fasi" akimaanisha mahali, na mwalimu anakata alama bila kueleza. Mpeni jozi: hivi nyumbani, hivi kwenye karatasi. Msimcheke, atanyamaza muhula mzima.

Hesabu nazo zina mtego. Aliyesomea Kifaransa huandika 3,5 badala ya 3.5, na kwenye kugawanya anaweka kigawanyo (namba inayogawa) upande wa kulia. Mtoto wa Grade 6 wa hapa anakiweka kushoto. Jibu la Mkongo ni sahihi, lakini mwalimu anaona vurugu na kuandika "rudia". Dakika kumi za kuonyesha mipangilio yote miwili ubaoni zinatosha.

hati_mkononi:
Karatasi ziguseni, ila mjue mpaka wenu. Kazi yenu ni kuona tatizo mapema na kumpeleka mtu panapostahili. Usajili wenyewe ni wa Idara ya Huduma za Wakimbizi, DRS. Kwa ushauri wa sheria bila malipo kuna Kituo cha Sheria na Refugee Consortium of Kenya. Mtoto asiye na mzazi wala mlezi, au anayeumizwa, pigeni 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure.

Mkikutana tena, kila mmoja aje na alichonacho: manifesti ya familia (karatasi ya usajili yenye majina ya wote), kitambulisho cha mkimbizi, cheti cha kuzaliwa, ripoti ya shule. Mambo matatu ya kukagua:

Kwanza, jina. Msomali na Mworomo hawana jina la ukoo: la pili ni la baba, la tatu la babu. Shule ikigeuza mpangilio, au hati moja ikaandika Mohamed na nyingine Muhammad, shida itaonekana siku ya kusajili mtihani wa KNEC, baraza la mitihani la Kenya, na jina lililosajiliwa ndilo litakalokaa kwenye cheti.

Pili, tarehe. Kalenda ya Ethiopia iko nyuma ya yetu kwa miaka saba au minane. Aliyezaliwa Meskerem 2002 kwao, kwetu alizaliwa Septemba au mwanzoni mwa Oktoba 2009. Karani akinakili 2002 kama ilivyo, mtoto amezeeshwa miaka saba na shule inamwona mtu mzima. Ombi la kusahihisha liende DRS mapema, mzazi akiwepo.

Tatu, waliozaliwa hapa. Wana haki ya cheti cha kuzaliwa cha Kenya. Cheti hicho hakimpi uraia, waelezeni wazazi hivyo, maana wengine huogopa kukiomba na wengine hukitarajia makubwa. Baada ya miezi sita ni usajili wa kuchelewa, nao unadai ushahidi zaidi.

Kamwe msishike hati halisi ya mtu, hata "kwa usalama". Polisi wakimsimamisha jioni hiyohiyo, fotokopi inaweza kukataliwa. Piga picha, mrudishie palepale.

chapati_mbili:
Shukrani sana, fulana zimefutwa. Swali moja: wale wa miaka 18 na zaidi wanaosema shule imewapita, tuwaambie nini?

karani_wa_mtaa:
Ufundi, na uwe wa kupimwa. NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, pale Industrial Area, ina mtihani wa fundi wa gredi ya tatu hadi ya kwanza, wa vitendo na nadharia. Aanze na ya tatu. Ushonaji, ususi, umeme wa nyumba, vyote vipo. Ulizeni kwanza ni kitambulisho gani kinakubaliwa kabla hamjalipa ada ya mtu yeyote, na nadharia aifanyie mazoezi kwa Kiingereza, huko ndiko mafundi wazuri wanaangukia. Jozi moja ya mkasi na futi kwa kila anayeshona ni matumizi bora ya zile pesa za fulana.

hati_mkononi:
Na picha za vijana msizipandishe kwenye status. Kuna waliokimbia watu wenye simu.