Tupeane uzoefu: kitabu au video katika kujifunza sayansi huku Kusini

Mwalimu wa Newala: Jana nilipokuwa nikisahihisha madaftari ya biolojia, nilikuta mchoro wa moyo ambao mishale yake yote ya damu imeelekea upande mmoja, nikajikumbuka mwenyewe nikiwa shuleni. Moyo wa kitabuni umesimama. Kazi ya vali, vile vilango vya moyo vinavyozuia damu kurudi nyuma, niliielewa siku nilipoona video fupi, damu ikitoka ventrikali (chumba cha chini) ya kulia kwenda mapafuni na kurudia atiria (chumba cha juu) ya kushoto. Nani mwingine yamemkuta?

Binti Masasi: Yamenikuta, kwenye mgawanyiko wa seli.

Mzee wa Nachingwea: Wanangu, msivisingizie vitabu. Sisi tulisoma kitabu kimoja watu sita, na mwalimu alitupasulia moyo wa mbuzi kutoka buchani. Vali nilizigusa kwa kidole.

Mwalimu wa Newala: Shikamoo mzee. Kwa heshima zote, moyo wa buchani nao umesimama.

Mzee wa Nachingwea: Marahaba. Hata hivyo nimeushika, na wewe umeutazama tu.

Mdau wa Tandahimba: Hilo la kutazama tu limenitonesha kidonda. Shule yetu haikuwa na maabara, na mwalimu wetu wa kemia, aliyetupenda kwa dhati, alitufundisha titresheni, yaani kudondosha asidi kwenye besi hadi rangi ibadilike ili kupima kiasi chake, kwa video alizozionyesha ukutani, tukaona matone yakidondoka na rangi ikibadilika, tukaamini tunajua. Bureti, ule mrija mrefu wa vipimo wenye koki chini, niliishika kwa mara ya kwanza siku ya mtihani wa vitendo. Nilifungua koki yote. Asidi ikamiminika, na methili oranji, ile rangi ya kiashiria, ikatoka njano ikawa nyekundu kabla sijaiwahi ile rangi ya machungwa. Nilipojaza tena nikasahau kuondoa faneli, matone yakaendelea kuingia, na vipimo vyangu vitatu havikukaribiana. Mwenzangu wa pembeni alinyonya pipeti, mrija wa kuvutia kimiminika, huku ncha yake imetoka kwenye kimiminika, hidroksidi ya sodiamu, besi inayounguza, ikamfika mdomoni, akakimbizwa bombani.

Binti Masasi: Mungu wangu! Alipona?

Fundi simu wa Lindi: Pole sana. Walimu, pakueni video mziweke kwenye memori kadi. Mei 2024, nyaya za baharini zilipopata hitilafu na intaneti kuzorota, waliokuwa na kadi waliendelea na vipindi.

Binti Masasi: Kadi nazo huharibika. Nunueni vitabu.

Mama wa Mchinga: Mwanangu alisoma kitabuni kuhusu dinosaria wa Tendaguru, aliyechimbwa hapa kwetu Lindi kati ya 1909 na 1913, wala hakushtuka. Nilipompatia video ya makumbusho ya Berlin, mifupa imesimama zaidi ya mita 13 na watu wakipita chini yake, aliniuliza: “Mama, huyu ni wa kwetu?”

Mzee wa Nachingwea: Hapo nakubali, kwani Berlin hatumpeleki.

Mdau wa Tandahimba: Binti, alipona; alisukutua kwa maji mengi na akarudi kumaliza mtihani. Leo ni mwalimu wa kemia. Kabla ya kuwaonyesha wanafunzi video yoyote, huwapa sirinji waijaze maji ya ndimu, wayadondoshe tone moja moja kwenye maji ya jivu yaliyotiwa juisi nyekundu ya choya, ambayo humo hugeuka kijani, hadi ule ukijani urudi kuwa wekundu.