Jaribio la bitiruti: mbona usomaji wa nyuzi 80 umeshuka?

Kipepeo74
Wakuu, naombeni msaada. Ni lile jaribio la kuona joto linavyoathiri uwezo wa utando wa seli kuzuia vitu visitoke. Vipande vya bitiruti vya sm 1, kila neli maji sm³ 10, dakika 15, kuanzia nyuzi 20 hadi 80. Neli ya nyuzi 20 ina rangi ya waridi wakati nilitegemea maji meupe. Kati ya 50 na 60 rangi imeruka ghafla, halafu ya 80 imesoma chini kuliko ya 70! Je, niandike kwamba ukuta wa seli umepasuka kwa joto?

TonelaMvua
Hapana mkuu, ukuta uache. Ni wa selulosi na unapitisha rangi ile hata pasipo joto, kwa hiyo hauzuii chochote hapa. Rangi yenyewe, betalaini, huyeyuka katika maji na imehifadhiwa ndani ya vakuoli, yaani kifuko cha majimaji kilicho ndani ya seli. Ili ifike kwenye neli lazima ivuke tando mbili: unaozingira vakuoli, kisha utando wa seli. Wengi hutaja mmoja tu.

Utando una unene wa nanomita 7 hivi. Ni tabaka mbili za fosfolipidi (molekuli za mafuta zenye kichwa na mikia): vichwa vinavyopenda maji viko pande za nje, mikia ya asidi za mafuta inayokwepa maji imejificha katikati. Betalaini ina chaji na molekuli yake ni kubwa, hivyo haiwezi kujipenyeza kwenye ile mikia. Joto likipanda, fosfolipidi huchezacheza zaidi na utando unalegea, ndiyo maana rangi inaongezeka kidogo kidogo mpaka kwenye 50. Mruko unaofuata unatokana hasa na protini zilizopachikwa kwenye utando. Zinapoteza umbo lake na utando unabaki na mianya. Tafadhali usiandike protini "zimekufa", hazikuwa hai.

Na usiite osmosisi. Osmosisi ni ya maji. Rangi inatoka kwa difyusheni, yaani kusambaa kutoka palipo na nyingi kwenda palipo na kidogo.

Mizani
Naongezea upande wa vitendo. Waridi ya nyuzi 20 haikutokana na joto bali na kisu: ukikata, seli za pembeni zinapasuka na kumwaga rangi. Osha vipande kwenye maji yanayotiririka mpaka yatoke meupe kabisa, kisha vigusishe kwenye karatasi laini bila kuviminya. Ukiviminya unapasua nyingine. Vitoboe vyote kwa kitoboleo kimoja, maana kipenyo kikitofautiana eneo la uso linatofautiana na usomaji haulinganishiki. Ondoa ganda.

Ya 80 ni rangi kuharibika. Betalaini haivumilii joto kali kwa muda mrefu, inaelekea kwenye rangi ya kahawia au manjano, na kolorimita (kifaa kinachopima ukolezi wa rangi kwa mwanga) yenye kichujio cha kijani haiioni tena vizuri. Utando umevuja sana, ila kilichovuja kimeungua. Dawa yake: weka vipande kwenye maji ya moto dakika 1 tu, vihamishie kwenye neli yenye maji sm³ 10 ya joto la kawaida, subiri dakika 15, vitoe, tikisa neli, ndipo usome. Sifurisha kolorimita kwa maji matupu. Rudia kila joto mara 3.

Kipepeo74
Asanteni sana. Sehemu ya pili inataka ethanoli badala ya joto. Ninayo ya asilimia 70 tu.

TonelaMvua
Inatosha. Zidisha asilimia unayotaka kwa ujazo unaotaka, gawanya kwa 70. Kupata sm³ 10 za asilimia 20: ethanoli sm³ 2.9, maji 7.1. Za asilimia 40: ethanoli 5.7, maji 4.3. Neli ya asilimia 0 lazima iwepo, na zote zikae kwenye joto moja.

Kwenye maelezo, sema ethanoli inaingia katikati ya fosfolipidi na kuvuruga mpangilio wake, na ikiwa kali inaharibu protini pia. Ziba neli kwa vizibo, kwani ethanoli inavukiza haraka na asilimia itashuka ukisubiri.

Mizani
Na moto uzimwe kabisa kabla ya kufungua chupa. Mvuke wa ethanoli unawaka.