Kundi la familia: maziwa ya kichanga

Baba Kichanga: Shikamooni. Niko duka la dawa. Mama mtoto bado hana nguvu baada ya upasuaji, maziwa hayatoki vizuri, daktari kasema mtoto aongezewe ya kopo kwa sasa. Naona NAN, Lactogen, S-26, bei zimepishana sana. Nichukue lipi?

Bibi: Marahaba mjukuu wangu, poleni. Si tuna ng'ombe? Yazimueni kwa maji, ndivyo nilivyomlea baba yako.

Shangazi Nesi: Shikamoo mama. Ya ng'ombe tungoje atimize mwaka. Protini na chumvi yake ni mzigo kwa figo za kichanga, na madini ya chuma ni haba. Maji hayaondoi tatizo hilo.

Shangazi Nesi: Baba, mtoto katimiza miezi yake tumboni?

Baba Kichanga: Ndiyo shangazi, kilo 3 na kidogo.

Shangazi Nesi: Alhamdulillah. Basi chukua namba 1, ya tangu kuzaliwa. Namba 2 ni ya miezi 6 kwenda mbele. Soma tarehe ya kuisha, kopo lisiwe limebonyea. Bei isikutishe, la ghali halimkuzi mtoto zaidi. Chukua ambalo utaweza kulinunua tena likiisha.

Mama Mdogo: Jirani yangu alimpa wake ya soya, alikuwa analia sana usiku.

Shangazi Nesi: Ya soya na yale yasiyo na laktosi hayo mpaka daktari aandike, dada.

Mama Mdogo: Na kuhusu kopo kuwahi kuisha, si anapunguza kijiko kimoja tu?

Shangazi Nesi: HAPANA, nawaomba sana. Maji yakizidi mtoto anakonda tumbo limejaa, chumvi ya damu ikishuka anaweza kupata degedege. Unga ukizidi nao unamuumiza. Tumia kijiko cha kopo hilo hilo, kisawazishe kwa kisu safi, maji kama lilivyoandikwa.

Baba Kichanga: Maji ya chupa ya dukani yanatosha?

Shangazi Nesi: Chemsha hata hayo. Unga wenyewe unaweza kuwa na vijidudu, kwa hiyo utie maji yakiwa bado na moto usiopungua nyuzi 70, yaani usiyaache zaidi ya nusu saa tangu yachemke. Kisha poza kikombe kwenye maji baridi, dondoshea mkononi kwanza. Alichobakiza mwaga. Usiku weka maji ya moto kwenye chupa ya chai, maziwa yaliyokorogwa usiyaweke humo.

Baba Kichanga: Kikombe? Nilishashika chupa ya kunyonyea.

Shangazi Nesi: Rudisha. Kikombe kidogo kinaoshwa kikatakata, na mtoto hataizoea chuchu ya plastiki akalikataa titi. Kila mara aanze na titi, kopo lifuate. Waombe manesi wamsaidie mama kukamua, hiyo dang'a, maziwa ya kwanza, hata matone anyweshwe yote.

Bibi: Mimi nampikia uji wa pilipili manga. Ameruhusiwa kula?

Baba Kichanga: Tangu asubuhi, bibi. Nimechukua Lactogen 1, inaisha mwakani. Naelekea wodini.

Shangazi Nesi: Andika tarehe ya kulifungua juu ya kopo. Na mimi nikitoka zamu napitia huko.