Pete ya Colosseum au bangili ya Kigiriki: nichukue ipi?

Baba_Msanifu: Wakuu, heshima kwenu. Binti yangu amemaliza shahada ya usanifu majengo, nataka kumpa dhahabu yenye sura ya majengo ya kale. Nimebakiwa na mbili: pete ya mizunguko ya B.zero1 ya Bulgari, ile kampuni ya vito, iliyotokana na Colosseum, ule uwanja wa kale wa Roma, au bangili ya meanda, ile mistari ya kona mraba inayozunguka bila kukatika kama kwenye mahekalu ya Ugiriki. Ipi?

Sonara_K: Karati ngapi mkuu? Gramu? Bajeti? Ataivaa kila siku au harusini tu? Bila hayo tunapiga ramli.

BintiMuscat: Bangili, karati 21. Huku Oman siku ukiuza wanaweka kwenye mizani, unapata chako. Kwenye pete unalipia jina.

Sonara_K: 21 ni laini, dada. Uzuri wa meanda ni kona kali, na akiigongesha mezani kila siku zitalika. Muhuri 750, yaani karati 18, ndiyo inayoshika umbo. Na ile pete ni 18.

MamaWawili: Chochote ufanye, usikimbilie kuchongesha. Mwaka juzi nilimpelekea sonara mmoja picha ya hereni za umbo la nguzo, zile zenye mifereji. Nikampa mkufu wa marehemu mama ayeyushe, gramu 14. Akasema siku kumi, ikawa miezi mitatu. Mifereji kaikwaruza juu juu, ndani tupu. Nilipoishika kwa vidole viwili ikabonyea. Nikaenda kupima kwingine: gramu 9, karati 14. Mkufu wa mama ndiyo umekwenda.

BintiMuscat: Pole sana dada yangu. Hakupima mbele yako?

MamaWawili: Nilimwamini.

Ramani77: Colosseum ina nguzo za mitindo mitatu ya kale: Doriki chini, Ioniki katikati, Korintho juu. Pete ile haina hata moja. Msanifu ataona.

Mzee_Tao: Lakini wazo ni ule mzunguko, si nguzo. Tena Sotirios Voulgaris aliyeanzisha Bulgari mwaka 1884 alikuwa Mgiriki.

Pwani_Asilia: Mbona mnakwenda mbali? Mnyororo uliochongwa kwenye fremu za milango ya Mji Mkongwe, Zanzibar, unatoka bangili nzuri mno.

Ramani77: Kaomba majengo ya kale ya Ulaya, ndugu.

Baba_Msanifu: Nilisahau: ni zawadi ya siri, kipimo cha kidole chake sina.

Sonara_K: Hilo ungeanza nalo! Pete ya mizunguko vile si ya kukata na kuunga.

MamaWawili: Na bangili, ni ya kufungua au ya kupenyeza mkono?