Acheni kutuonyesha picha za tramu Kampala, semeni magurudumu yatachongwa wapi!

Jamani, tumechoka. Kila foleni ya Jinja Road ikizua kelele, mtu anatupia picha ya tramu, treni ya umeme inayopita barabarani, inayong'aa na kuandika "Kampala tunataka hii". Wanaopanga nao ni walewale: michoro ya rangi, idadi ya abiria, basi. Karakana haimo kwenye mchoro. Vipuri havitajwi. Hasira yetu iko hapo.

Tushuke kwenye gurudumu, maana ndiko gari hili linakofia. Gurudumu la tramu si donge moja la chuma. Ni kitovu, kisha mpira, kisha tairi la chuma limevalishwa kwa nje, kipenyo chote karibu milimita 600. Asubuhi ya mvua, tope na oili ya magari vimetanda juu ya reli. Boda ikikatiza mbele, dereva anakamata breki, gurudumu linafunga na kuburuzika. Kinga ya kuteleza hupunguza, haimalizi. Pale liliposuguliwa panakuwa bapa, na kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa bapa hilo linagonga reli karibu mara 6 kila sekunde. Beringi zinaanza kulia, gia zinalegea, reli nayo inaingia nyufa.

Dawa ni mashine ya kuchonga magurudumu iliyozamishwa chini ya sakafu ya karakana, inayochonga bila kung'oa bogi, yaani fremu ya chini inayobeba magurudumu. Ukichonga gurudumu moja, mwenzake wa ekseli hiyo naye achongwe, vipenyo vilingane. Mashine isipokuwapo, gari linaegeshwa. Halafu linanyofolewa beringi ili jingine litembee, kesho mota ya mlango, keshokutwa kadi ya umeme. Gari zima linachinjwa hivyo, kipande kwa kipande.

Mnadhani tunatisha watu? Tazameni Addis Ababa. Walifungua tramu yao 2015, njia mbili, magari 41, karibu dola milioni 475, nyingi zikiwa za mkopo kutoka China. Kabla ya miaka 10 kutimia, mengi ya magari hayo yalikuwa yamelala kwa kukosa vipuri. Mkopo haukulala.

Sasa leteni gari hilohilo kwetu. Reli ya barabarani ina mfereji wa kupitisha ukingo wa gurudumu, upana wake milimita 40 hivi. Mvua moja inashusha murramu, mifuko ya plastiki (kaveera) na maganda ya ndizi (matooke), mfereji unajaa, vikikauka vinakuwa saruji. Ukingo unapanda juu ya taka na gari linatoka njiani. Lazima mfereji usafishwe kila siku na uwe na matundu ya kutolea maji. Nani atafanya, na kwa bajeti ipi? Karibu na mtaro wa Nakivubo, kunakofurika, ndiyo balaa zaidi: kwenye gari la sakafu ya chini vifaa vingi vya umeme hukaa juu ya paa, lakini mota na gia ziko kwenye bogi, sentimita chache tu juu ya barabara. Gari likiingizwa kwenye mafuriko, mota zinakunywa maji.

Hata mchanga una masharti. Gari humwaga mchanga mbele ya gurudumu ili lishike reli kwenye mwinuko, na unatakiwa mkavu, uliochekechwa, usio na udongo. Ukijaza wa kujengea nyumba, mirija inaziba siku ileile unapouhitaji.

Tunachodai: kabla ya sahihi yoyote, mkataba utaje mashine ya kuchonga, tairi za akiba kwa kila gari, vipande vya kaboni vya mkono unaogusa waya juu, na mafundi wa hapa waliofundishwa kufungua bogi hadi beringi ya mwisho. Haya yalipiwe pamoja na magari, yasiachwe kwa "awamu ya pili".

Nyongeza kwa aliyeuliza kwa nini tramu isipite tu kwenye reli ya treni ya Namanve: upana wa mita moja kati ya reli si kizuizi, Zürich, Basel na Helsinki zinaendesha tramu kwenye upana huohuo. Kizuizi ni mizigo. Gurudumu la tramu ni jembamba na ukingo wake mfupi, kwenye makutano ya reli za treni ya mizigo linaweza kudumbukia pengoni. Na bodi yake haikujengwa kugongwa na kichwa cha treni.